Wimbo Wenye Jina la Jarvis

Jumatatu, 3 Juni

Daftari hili nimelitoa kazini. Lina safu za kuandikia presha za wazee, lakini kurasa zilizobaki zilikuwa zinakwenda kutupwa, nikaziomba. Binti yangu Amiyah amelala. Mvua ya mchana imeanza.

Leo wimbo wa Dari, baba yake Amiyah, umepigwa redioni. Bibi Earline, bibi yake Dari tunayeishi kwake, alikuwa anachambua maharage, akasimamisha mikono. Dari alisimama katikati ya sebule bila shati, mikono kichwani. Nilifurahi, sitadanganya. Miaka minne nimemwona akiuza diski zake kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, akirekodi ndani ya kabati la binamu yake katikati ya makoti ya baridi, jasho likimtiririka. Mji wetu huu wote, Mobile, ulikuwa unampita tu. Leo ulikuwa unamsikiliza.

Nilifurahi mpaka ukafika ule mstari. Dari anauliza, "Nani kamzimia Jarvis taa?" Halafu sauti nyingi zinajibu, "Mimi, mimi." Zote ni sauti yake, kajirekodi mara kumi.

Jarvis Chastang alipigwa risasi tarehe 9 Machi, saa moja na nusu jioni, mbele ya duka la mashine za kufulia nguo, mtaa wa pili kutoka hapa. Aliyempiga hajulikani. Na Dari hakuwepo. Jioni hiyo tangu saa kumi na moja tulikuwa hospitali ya watoto, Amiyah anawaka homa, na aliyembeba kifuani mpaka kukapambazuka ni Dari. Karatasi ya kupokelewa ina sahihi yake na saa imegongwa pembeni.

Nilimuuliza, "Kwa nini?"

"Nilikuwa na ubeti mzima wa hospitali, Nita. Homa, manesi, kila kitu. Nikampigia DJ wa klabu ausikie. Akapiga miayo. Akasema, nipe kitu watu wakurudishie kwa sauti."

"Ukampa maiti."

"Nimempa jina tu."

Alhamisi, 6 Juni

Zamu mbili. Miguu imevimba.

Ijumaa, 14 Juni

Mama yake Jarvis, Bi Odessa, ndiye mpishi wa kituo chetu cha wazee. Mimi nawaogesha na kuwalisha, yeye anapika. Tangu nianze kazi amekuwa akiniwekea kipande cha mkate wa mahindi, kakifunga vizuri, cha Amiyah. Hata wiki aliyomzika mwanawe aliniwekea.

Leo nilipofika dirishani kuchukua masinia, alikuwa amesimama, mikono ndani ya aproni.

"Renita. Baba mtoto wako anaimba nini kuhusu mwanangu?"

Neno lilikuwa moja tu. Hakuwepo. Ningelisema pale pale, kwenye mvuke wa masufuria. Lakini Dari alikuwa ameniomba, akashika mikono yangu yote miwili, akasema wimbo ndio kwanza unapanda, nimpe mwezi mmoja.

"Ni wimbo tu, Bi Odessa."

 Halafu akasukuma masinia kwangu, na juu ya sinia la mwisho kulikuwa na mkate, umefungwa. Nimeubeba mpaka nyumbani. Nimeshindwa kuula, Amiyah kala wote.

Jumapili, 23 Juni

Kaja mtu wa kampuni ya muziki kutoka Atlanta, jina lake Ficklin, viatu vyeupe kwenye tope letu. Bibi Earline kamkaangia kambale. Amekula vizuri, kashukuru vizuri, kisha akamwambia Dari, "Wakikuuliza ulifanya au hukufanya, kaka, usikatae, usikubali. Cheka tu. Watajaza wenyewe."

Bibi Earline akamwekea kipande kingine cha samaki. "Kijana, huko Atlanta hamfi? Mpaka mje kuazima maiti wa kwetu?"

Ficklin akacheka. "Bibi, wewe ndiye wa kutiwa studio."

"Mimi nikiingia studio wewe utakosa kazi. Kula."

Dari alicheka pia. Ni kicheko kipya. Nadhani ndio anajifunza.

Jumanne, 25 Juni

Wapelelezi wawili, mwanamke na mwanamume, saa nne asubuhi. Dari alikaa kwenye kochi amejitanua, kajibu kila swali kwa kile kicheko. Nikaenda chumbani, nikaleta karatasi ya hospitali, nikampa yule mama mkononi. Dari alinitazama kama nimemvua nguo.

Mpelelezi akapiga simu hospitali palepale barazani, akarudi, akanirudishia karatasi. Akamwambia Dari, "Miaka ishirini nakamata watu wanaoapa hawakuwepo. Wewe ndiye wa kwanza kuninunia nikimwambia hakuwepo."

Mwenzake akacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nimemaliza na ninyi," akasema. "Lakini mimi nimekuja kuuliza. Kuna watakaokuja bila kuuliza."

Walipoondoka Dari akasema, "Hiyo karatasi isitoke tena ndani ya nyumba hii. Ikitoka, mimi ni kichekesho."

"Na isipotoka?"

 Alikuwa anatazama simu, idadi ya wasikilizaji inavyopanda.

Alhamisi, 4 Julai

Fataki za sikukuu ya uhuru tangu asubuhi. Kila mlio Bibi Earline anainama, halafu anajifanya alikuwa anaokota kitu.

Jumamosi, 20 Julai

Leo Jarvis angetimiza miaka ishirini na minne. Hapa kwetu marehemu hafanyiwi siku yake kimya. Ndugu wote huvaa fulana yenye picha yake kifuani, tarehe ya kuzaliwa chini ya jua linalochomoza na ya kufa chini ya jua linalozama, kisha wanakwenda kaburini kurusha maputo. Bi Odessa alinialika tangu Mei. Bibi Earline alisema nisiende. Nikasema nikikaa nyumbani nitakuwa nimekubali kitu. Nilivaa gauni la kawaida, nikamvisha Amiyah viatu vya kanisani, tukasimama karibu na geti.

Walikuwa kama arobaini, nyuso arobaini za Jarvis zikitabasamu. Mawingu yalikuwa chini sana. Mchungaji akaomba. Bi Odessa akahesabu moja, mbili, tatu, maputo ya buluu yakaachiwa. Yalipanda taratibu kwa sababu ya unyevu, watu wameinua vichwa, kimya.

Ndipo gari likapita barabarani, vioo chini, spika zimejaa buti la nyuma. Vijana tu, hawakujua ni nini kinafanyika mle makaburini. Nani kamzimia Jarvis taa. Na wao ndani ya gari, kwa furaha yote, "Mimi, mimi."

 Vichwa vilivyokuwa juu vilishuka kimoja kimoja, na viliposhuka vilikuwa vinanitazama mimi. Marlon, kaka yake Jarvis, alikuwa bado ameshika puto lake. Hakuwa ameliachia. Alikuja mpaka nilipo, akainama kwa Amiyah, akamfunga uzi wa puto kwenye kifundo cha mkono, polepole, kama mtu anayemvisha mtoto saa.

"Mpelekee baba," akamwambia. "Mwambie Marlon kasalimia."

Nililifungua kabla hatujafika kwenye kona. Amiyah alilia njia nzima.

Jumanne, 23 Julai

Bi Odessa ananisogezea masinia bila kunitazama. Hakuna mkate.

Alhamisi, 1 Agosti

Dari amerudi kutoka Atlanta na meno ya dhahabu, chini na juu. Amiyah alijificha nyuma ya Bibi. Akayatoa, akayaweka kwenye kiganja, akamwonyesha: tazama, ni baba. Akaja.

Wimbo uko nafasi ya ishirini na saba nchi nzima. Gari la kijivu la Marlon limepita mbele ya nyumba mara mbili.

Ijumaa, 2 Agosti

Mara tatu.

Jumamosi, 3 Agosti

Halikupita. Hiyo ndiyo imenichosha zaidi.

Jumapili, 4 Agosti

Nimeomba likizo, wamekataa. Nimemwambia Dari tuondoke tukakae kwa shangazi yangu Selma. "Nikiondoka sasa nitaonekana nimekimbia," akasema. Nikamwambia basi aseme ukweli. "Nikisema, nitaonekana nilikuwa nyumbani na nepi." Nikamwambia ndiko ulikokuwa, Dari, na siku ile ndiyo niliyokupenda kuliko zote. Akanikumbatia. Lakini hakuahidi kitu.

Zamani nilidhani anaficha uoga nyuma ya wimbo. Sasa naona wimbo ndio unaomtia uoga, naye anauimba zaidi.

Jumatatu, 12 Agosti

Kimbunga kiko baharini, kwenye Ghuba, kinakuja huku. Kituo kizima tunafungasha, wazee wahamishwe kesho. Nilipangwa jikoni na Bi Odessa, tupakie makopo na unga wa uji. Saa mbili nzima tulipakia bila neno zaidi ya "shika" na "geuza". Upepo ulikuwa unatikisa mlango wa nyuma.

Nilikuwa na karatasi ndani ya sare tangu asubuhi. Sikumwambia Dari. Niliiweka juu ya sanduku la maharage mbele yake.

Akavaa miwani inayoning'inia shingoni. Akasoma mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo ya chini.

"Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni," akasema.

"Ndiyo."

"Na hii ni sahihi yake."

"Ndiyo, Bi Odessa. Alikaa mpaka asubuhi. Hakuwepo."

"Kwa hiyo Juni nilipokuuliza pale dirishani, ulijua."

"Nilijua."

Akavua miwani. Nilidhani atanipiga, na ningesimama nipigwe. Badala yake akakaa juu ya sanduku.

"Nilikuwa nataka awe yeye," akasema. "Unanielewa? Yeye namjua sura. Nikisikia redio nasema ni yule, nazima, naendelea na siku. Sasa umekuja kuninyang'anya. Kuanzia leo kila kijana anayepita barabarani anaweza kuwa ndiye. Anayenifungulia mlango wa duka anaweza kuwa ndiye."

Nikamwambia nisamehe.

"Sijafika huko. Nipe hiyo karatasi. Marlon ataiona. Kama ataisoma, sijui." Akasimama. "Shika upande ule. Sanduku hili zito."

Jumatano, 14 Agosti

Kimbunga kimegeuka, kimekwenda Louisiana. Kanisani wanashukuru. Mimi nawafikiria wa Louisiana.

Jumamosi, 17 Agosti

Saa sita mchana gari la kijivu likasimama mbele ya nyumba. Marlon akabaki ndani, injini inaunguruma. Nikampeleka Amiyah bafuni, nikamlaza ndani ya beseni la kuogea na mto, risasi zisimfikie. Dari akasimama kwenye mlango wa mbele. Nikamwambia akae. Hakukaa.

Aliyetoka nje ni Bibi Earline na glasi ya chai baridi. Ana miaka sabini na minane. Alitembea mpaka kwenye dirisha la gari, akanyoosha glasi.

"Marlon, mafuta yanaungua bure. Panda barazani kama mtu."

Akapanda. Akakaa kiti cha Bibi. Akanywa chai yote kwanza.

"Karatasi nimeisoma," akamwambia Dari. "Naamini."

"Sawa," Dari akasema.

"Si sawa. Nikiwa kwa kinyozi wananiuliza, nikiwa kazini wananiuliza, yule jamaa anajisifu na wewe umekaa? Nikawajibu nasubiri wakati. Nimejifunga kwa mdomo wangu kwa ajili ya kitu ambacho hukufanya. Sasa niwaambie nini? Kwamba alikuwa amembeba mtoto?"

"Nilikuwa nimembeba mtoto," Dari akasema. Alisema kwa sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia akilisema mbele ya mtu.

"Basi kaseme. Redioni, palepale ulipoanzia. Na ukilitaja tena jina la mdogo wangu mbele za watu, Dari, ile karatasi sitaikumbuka."

Akamrudishia Bibi glasi. "Asante kwa chai, mama." Akaenda.

Jumatano, 21 Agosti

Dari amekwenda redioni asubuhi na ameeleza yote. Homa, hospitali, saa zenyewe. Hakucheka hata mara moja. Nilikuwa kazini, nimesikiliza chumbani kwa mzee mmoja ambaye hasikii. Nilijivunia mpaka machozi.

Kisha simu zikaanza kuingia studio.

Wa kwanza: "Wakili kamfundisha vizuri."

Wa pili: "Mwacheni, polisi wanasikiliza, atasema nini?"

Wa tatu alikuwa mwanamke, anacheka. "Sisi tunajua ni wewe, mpenzi. Tutanyamaza."

Mtangazaji akauweka wimbo. Kabla ya magharibi wasikilizaji walikuwa wameongezeka maradufu. Ficklin akapiga simu akiwa na furaha. "Umefanya vizuri kuliko tulivyopanga," akamwambia. Dari akakata simu, akakaa kwenye ngazi za nyuma, mvua ikimnyeshea magoti.

Ijumaa, 30 Agosti

Kesho Dari anaimba Birmingham. Mkataba unasema lazima wimbo uimbwe. Ameniapia atauruka ule mstari.

Jumapili, 1 Septemba

Aliuruka. Nimeona kwenye simu. Ulipofika, muziki ukaendelea, yeye akafunga mdomo, akashusha kipaza sauti mpaka pajani. Na watu maelfu kwa maelfu wakauliza wenyewe, jina zima, "Nani kamzimia Jarvis taa?" Na wakajibu wenyewe.

Dari alikuwa anatikisa kichwa. Walidhani anacheza.

Nimerudia video mara nne. Marlon naye ana simu.

Jumanne, 3 Septemba

Naandika haya Dari akiwa hai, na Mungu ndiye anayejua alikuwa karibu kiasi gani na kifo.

Saa kumi alasiri Bi Odessa alinifuata kwenye chumba cha kufulia. Hajawahi kuingia kule. Aproni imejaa unga.

"Marlon kaondoka na gari tangu asubuhi. Kavaa koti. Joto hili lote, Renita, kavaa koti. Mwenzako anaimba wapi leo?"

"Montgomery. Viwanja vya maonyesho. Saa kumi na moja."

"Mpigie."

Simu iliita, ikakata. Iliita, ikakata. Mara ya tano akapokea, nyuma yake kelele.

"Dari, shuka."

"Sijapanda bado. Nita, kuna nini?"

"Marlon yuko huko. Toka kwa mlango wanaoingizia vyombo. Usimuage mtu."

"Watu wamejaa. Ficklin yuko hapa, nikiondoka nimevunja mkataba, yamekwisha yote. Nitauruka tena, kama juzi."

"Juzi waliusema wao."

 Bi Odessa alikuwa amesimama mbele yangu, akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi sikupendi. Nataka uelewe hilo. Lakini nina mtoto mmoja aliyebaki, na leo umemshika wewe. Mwachilie."

Sikusikia alichojibu. Bi Odessa akanirudishia simu, ikiwa imekatika. Tukakaa kwenye marundo ya shuka, mashine zikizunguka. Saa kumi na mbili kasoro Dari akaandika: niko kwenye basi.

Jumatano, 4 Septemba

Bi Odessa kaniambia yaliyotokea. Marlon alikata tiketi kama watu wengine, akasukumana mpaka mbele. Msanii hakutokea. Watu wakaanza kumwita kwa wimbo wake, mstari ule ule, nusu saa, wanaruka, wanampigapiga Marlon mgongoni ili naye aseme. Alirudi nyumbani alfajiri, akakaa mezani na koti lake.

"Mama," akamwambia, "wote walikuwa wanasema ni wao. Ningempiga risasi nani?"

Jumapili, 15 Septemba

Kampuni imemwacha Dari. Wimbo haikuuacha, ni mali yao. Wametengeneza video mpya bila yeye, na kijana wa Atlanta aliyekodiwa ndiye anayeonekana kwa mgongo. Nafasi ya tisa.

Dari anaosha malori kwenye yadi ya bandarini. Wenzake wanamwita Baba Nepi. Anaitika. Meno ya dhahabu sijui yako wapi, sijauliza. Nilikuwa namhurumia, sasa namheshimu, na sijui kama yeye anaona tofauti.

Marlon hapiti tena. Lakini jana limepita gari jekundu nisilolijua, namba za jimbo jingine, polepole, na waliokuwa ndani wakaitazama nyumba, mmoja akaonyesha kidole. Jarvis sasa ana marafiki ambao hakuwahi kuwaona.

Jumapili, 22 Septemba

Mvua haikunyesha. Baada ya kanisa tulikaa barazani wote. Amiyah anatimiza miaka mitatu mwezi ujao, maneno yamemjaa. Alikuwa anapanga vifuniko vya chupa kwenye ngazi, na kwa kila kifuniko akawa anaimba. Nani kamzimia. Kifuniko. Jarvis taa. Kifuniko.

Bibi Earline akaweka chini chai yake. Hatujui kasikia wapi. Kila mahali.

Dari akaketi kwenye ngazi karibu naye. Hakumkaripia.

"Siyo hivyo, mama. Sema, hakuwepo."

"Hakuwepo," akasema Amiyah.

"Alikuwa amembeba Amiyah."

"Alikuwa amembeba Amiyah."

"Vizuri. Sema tena."

Akajaribu. Akaweka kifuniko, akaanza, hakuwepo alikuwa, yakamgongana mdomoni. Akaanza upya, akakwama palepale. Barabarani gari jekundu lilikuwa limekata kona, linakuja bila haraka. Nikasimama. Amiyah akafikiri kidogo, akaurudia ule wa kwanza, ambao una mdundo, akapiga makofi nao, kwa sauti yake yote, uso kwa barabara.

"Mimi, mimi."

Dari akambeba, akaingia naye ndani.